Mke wangu alivuja damu uzazi uliopita: safari hii tujipangeje?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa Kigombe, Tanga. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, ya nne hii. Ya tatu alijifungulia zahanati, mtoto akatoka salama, lakini muda mfupi baadaye damu ikamwagika mpaka akapoteza fahamu. Alikimbizwa hospitali, akaongezewa damu chupa mbili. Bibi yake anasema ile ilikuwa damu chafu na ilitakiwa itoke yote, kwamba walivyomzuia ndiyo maana akadhoofu miezi mingi. Mimi mara nyingi niko dago, kambini kwa wavuvi, na huko simu haishiki. Je, hali ile inaweza kumrudia? Damu ikianza tukiwa nyumbani tufanye nini? Na hospitalini huwa wanafanya nini hasa? Siku ile niliachwa nje ya mlango, sikuelezwa kitu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, hali ile inaweza kumrudia. Mwanamke aliyewahi kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua yuko kwenye hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi, ingawa wengi wao uzazi unaofuata hupita salama. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha kutueleza mapema kwamba huyu itamrudia na yule haitamrudia. Hata wanawake wenye afya njema wasio na historia yoyote ya hatari huvuja. Kwa hiyo mkeo tunamwandalia kama mtu ambaye damu yake itamwagika, na isipomwagika tutamshukuru Mungu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo naomba ulisome mara mbili. Dawa za kukata damu hii zipo, zinajulikana, na zinafanya kazi. Akina mama wengi wanaokufa nayo walifika wamechelewa, au walifika mapema lakini wakagundulika wamechelewa. Damu ya kabla ya kujifungua ikiachwa bila tiba, kwa wastani humpa mama kama saa 12. Damu ya baada ya mtoto kutoka humpa saa 2 hivi. Wewe unaijua Kigombe kuliko mimi: saa mbili ni za kutafuta gari, kuita wazee, na kupiga simu dago isiyopatikana, halafu zimekwisha. Ndiyo maana nitakuwa naurudia muda hata pale ulipouliza kuhusu dawa.

Sasa uelewe kilichompata. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye kizazi inazidi nusu lita kila dakika, kwa sababu kondo la nyuma linamlisha mtoto kutoka kwenye mishipa mipana ya mama. Mtoto akitoka na kondo likabanduka, mishipa ile hubaki wazi. Kinachoifunga kwanza ni nyama ya kizazi chenyewe: nyuzi zake zimepita huku na huku katikati ya mishipa, na kizazi kinapojikaza, nyuzi huibana mishipa na damu inakatika. Kizazi kisipojikaza, hakuna cha kuibana. Kulegea huko ndiko chanzo cha visa kama 7 kati ya 10. Vingine hutokana na kipande cha kondo kilichobaki ndani, kuchanika kwa mlango wa kizazi au uke, kizazi chenyewe kupasuka, au damu kukosa nguvu ya kuganda. Na vyanzo viwili vinaweza kumkuta mama mmoja kwa wakati mmoja, jambo linalowapoteza hata wahudumu wazoefu: wanakaza kizazi, kimekazika vizuri, kumbe kuna mchaniko unaendelea kuchuruza.

Kwa maelezo yako nahisi kizazi cha mkeo kililegea, ila sitaki kubahatisha. Aliporuhusiwa hospitali alipewa karatasi. Itafuteni, mwende nayo kliniki. Kuna tofauti kubwa kati ya kizazi kilicholegea na kondo lililong'ang'ania, na mkunga atakayempokea anatakiwa kuijua kabla uchungu haujaanza.

Kuhusu bibi, naomba usimgombeze. Amezalisha na kulea, na anachokisema kimetoka kwenye jambo la kweli. Kila mwanamke akijifungua hupata damu ya nifasi: nyekundu siku tatu nne za kwanza, kisha ya kahawia na hafifu, kisha majimaji meupe-meupe, ikielekea kukata karibu na siku arobaini au kabla. Hiyo hakuna anayeizuia hospitalini. Lakini iliyomwangusha mkeo haikuwa ya nifasi. Ilikuwa damu ileile inayokwenda kwenye moyo na ubongo wake, haina uchafu wowote, na alidhoofu miezi ile kwa sababu ilipotea. Chupa mbili zilimwokoa uhai, hazikumrudishia yote aliyopoteza. Ukimweleza bibi hivyo, kwa heshima yake, huenda akawa msaada mkubwa kuliko wewe mwenyewe, maana usiku huo yeye ndiye atakayekuwa chumbani.

Mpe na alama anayoweza kuitumia. Huko Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu kwa kanga: kanga mbili zikilowa, mama ameshapoteza nusu lita au zaidi na anahitaji tiba. Naipenda njia ile kwa sababu kanga haikosekani kwenye nyumba yoyote ya pwani. Ila kwa mkeo, ambaye ana historia, msingoje kanga ya pili. Ya kwanza ikilowa, gari liwe linawashwa. Pedi au kitambaa kilichokunjwa kikilowa chote ndani ya dakika tano, ni vilevile. Na mwambie bibi asidanganyike na mchirizi mwembamba usiokatika. Damu inayomwagika kwa kishindo huwashtua watu wote nyumbani. Ile ya kuchuruza taratibu kwa saa nzima, huku mama akiambiwa apumzike, nayo inaua.

Mimi huwaambia ndugu wamtazame mama zaidi ya damu. Viganja na ulimi vikipauka, jasho la baridi likimtoka, akidai maji kila mara, akihangaika, akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, ameshapoteza nyingi. Presha huchelewa kushuka kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, mwili wake unajitahidi sana, kisha unaanguka ghafla. Mapigo ya moyo husema mapema. Idadi ya mapigo kwa dakika ikiipita ile namba ya juu ya presha, hapo tunakimbia.

Uliachwa nje ya mlango bila kuelezwa, na nasikitika kwa hilo, maana mume ana haki ya kujua mkewe anafanyiwa nini. Acha nikueleze ilivyo ndani.

Kazi huanza kabla damu haijamwagika. Ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke, baada ya kuhakikisha hakuna pacha, mama huchomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, mara nyingi pajani. Hii ndiyo inayokiambia kizazi kijikaze. Ni sindano ya bei ndogo na kila mama aliyejifungua anastahili kuipata, si wale wenye historia tu. Udhaifu wake ni joto: inatakiwa ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 mpaka 8. Oksitosini iliyokaa juu ya meza kwenye joto la Tanga hupoteza nguvu, na mhudumu hana namna ya kuona kwa macho kwamba imeharibika. Sehemu zisizo na umeme wa uhakika hutumia dawa nyingine, kama vidonge vya misoprostoli, au kabetosini ya aina inayostahimili joto.

Baada ya hapo, damu ipimwe. Miaka mingi tulikuwa tunakadiria kwa macho, na macho hudanganya: damu imezama kwenye godoro, imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imeanguka chini ya kitanda. Sasa kuna mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka, wenye mistari ya mililita. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Palipofuatwa utaratibu wa zamani, karibu nusu ya waliovuja hawakugundulika. Palipotumika mfuko ule, waligundulika zaidi ya 9 kati ya 10, na kwa kuwa walitibiwa papo hapo kwa dawa zote pamoja, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Zilikuwa zilezile tulizozizoea, zikatolewa mapema na kwa pamoja. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba tusingoje hata mililita 500: damu ikifika 300 na mapigo au presha ya mama si ya kawaida, tiba ianze.

Tiba hiyo ndiyo uliyokuwa unaisikia kwa miguu ya watu wanaokimbia. Anayegundua anaita msaada kwa sauti, kwa sababu mtu mmoja hawezi. Mmoja anakanda tumbo chini ya kitovu mpaka kizazi kiwe kigumu kama dafu. Mwingine anaweka kanula kubwa, yaani mpira wa kupitishia dripu mshipani, ikiwezekana mkono huu na huu, anatoa damu ya vipimo na kufungulia dripu ya maji. Oksitosini inaongezwa kwenye dripu. Kibofu kinatolewa mkojo kwa mpira, maana kibofu kilichojaa hukisukuma kizazi na kukizuia kujikunja, jambo dogo ambalo husahaulika kila mara. Kondo linatazamwa kama limetoka zima, na njia inamulikwa kwa taa kuona kama kuna mchaniko wa kushona. Yote haya kwa wakati mmoja. Zamani tulikuwa tunajaribu moja, tunangoja, tunajaribu la pili, na katika kungoja kule ndimo akina mama walimokuwa wanatuponyoka.

Kuna sindano moja ninayotaka uijue kwa jina: asidi ya traneksamiki. Inazuia damu iliyoganda isiyeyuke tena. Gramu 1 inaingizwa kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, na inaweza kurudiwa baada ya nusu saa kama damu haijakata. Utafiti uliotoka mwaka 2017, wa wanawake zaidi ya 20,000 kwenye nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa 3 haina faida tena. Na hata ndani ya saa hizo, kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya faida yake. Uone sasa kwa nini gari la Kigombe na sindano ya hospitalini ni jambo moja.

Wakati hayo yakiendelea, utaona pengine mtu ameshika kijichupa cha kioo chenye damu kidogo, anatazama saa. Ni kipimo rahisi mno: damu isipoganda ndani ya dakika 7, au ikiganda kisha ikavunjika kirahisi, basi uwezo wa kuganda umeanza kupotea, na mama huyo anahitaji damu ya kuongezewa haraka. Dripu za maji pekee hazimtoshi. Zikizidi, huifanya damu iliyobaki kuwa nyepesi.

Damu isipokata kwa dawa, mkunga au daktari huvaa glavu ndefu, anaingiza mkono ukeni na kukibana kizazi kati ya ngumi ya ndani na mkono wa juu ya tumbo. Mtu anayechungulia mlangoni anaweza kuona ni ukatili. Mama anaumia, kweli, lakini mikono ile miwili inaweza kumshikilia hai mpaka msaada ufike, na nimeona wakunga wakiibana hivyo ndani ya gari la wagonjwa njia nzima. Pia kuna mpira unaoingizwa ndani ya kizazi na kujazwa maji ili ubane kutokea ndani. Mahali pasipo na ule wa kiwandani, kondomu hufungwa kwenye mpira wa mkojo na kufanya kazi hiyohiyo. Kwa safari ndefu za rufaa kuna vazi maalumu linalobana miguu na tumbo, linairudisha damu kwenye moyo na ubongo. Vyote hivi vinanunua muda. Chumba cha upasuaji ndicho hatua ya mwisho: kushona mshono wa kukibana kizazi, kufunga mishipa, na ikishindikana, kukitoa kizazi.

Hilo la kutoa kizazi mzungumze sasa, nyumbani, mkiwa na utulivu. Ni nadra kufika huko. Lakini daktari akifika mahali pa kusema kizazi kitoke ama mama afe, pasiwe na kikao cha ukoo nje ya mlango. Mkeo ni mtu mzima, akiwa na fahamu anasaini mwenyewe, na sahihi yake inatosha. Mwambie kwa kinywa chako kwamba uamuzi wowote atakaoufanya kuokoa maisha yake umeshaukubali.

Nimalizie habari ya damu ya kuongezewa. Chupa moja ni kama mililita 450 kutoka kwa mtu mmoja, na hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutumika. Kwa kuwa mkeo ameshaongezewa, mwili wake unaweza kuwa umetengeneza kinga dhidi ya damu za watu wengine, hata kama kundi linafanana. Lazima aseme kliniki na maabara kwamba aliwahi kuongezewa, ili damu yake ilinganishwe kwa makini. Ikionekana kundi lake ni hasi, kuna sindano anayotakiwa kupata, aulize. Na wewe na wenzako wa chomboni, kama mna miaka 18 na kuendelea, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya nzuri, nendeni mkachangie kabla. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu. Damu yenu itaingia benki, na si lazima iwe ndiyo atakayopewa yeye. Kinachotakiwa ni jokofu lisiwe tupu usiku atakapofika.

Yuko miezi saba, kwa hiyo kuna jambo la kuangalia tangu leo, usingoje siku ya uchungu. Damu yoyote ikionekana kuanzia sasa, hata tone, hata kama imekatika yenyewe, ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kondo linaweza kuwa limekaa chini, mbele ya njia ya mtoto: damu hutoka nyekundu kabisa bila maumivu, mara nyingine mama amelala tu, halafu inakata na kuwapa watu moyo wa uongo, na ya pili huja kubwa kuliko ya kwanza. Au kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati: tumbo linakuwa gumu na kuuma bila kuachia, mtoto hachezi kama kawaida, damu inaweza kuwa kidogo nje huku nyingi imejificha ndani. Mama wa namna hii asipimwe njia kwa vidole na mtu yeyote, awe bibi au muuguzi, mpaka ultrasaundi ionyeshe kondo liko wapi. Kidole kikiligusa kondo lililokaa chini, kinaweza kufungulia damu isiyozuilika. Msimwekee kitambaa ndani. Na kama hajafanya ultrasaundi kwenye mimba hii, afanye, swali lenu kwa mpimaji liwe hilo: kondo limekaa wapi?

Kwa msomaji mwingine anayepitia hapa na mimba yake ni changa: kukosa siku, maumivu ya tumbo chini upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, hata kama damu ni kidogo, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo haina dawa ya nyumbani. Ni hospitali yenye upasuaji, saa hiyohiyo.

Sasa ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba uchungu umekuja kwa kasi na mtoto amezaliwa nyumbani au njiani, na damu inatoka. Mtu mmoja apige 115, ni bure. Ndiyo namba ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga kwa dharura. Gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, wanamtuma dereva wa jamii waliyemwandikisha, na wao ndio wanaomlipa. Huku gari likija, mlazeni mama, miguu iwe juu kidogo, mfunikeni asipate baridi. Akojoe kama anaweza. Mtoto awekwe kifuani anyonye, maana kunyonya kunakikaza kizazi. Mtu aweke kiganja chini ya kitovu, akande kwa kuzungusha, kwa nguvu ya kutosha, mpaka asikie pamekuwa pagumu, na pakilegea arudie. Kondo kama halijatoka, msivute kamba ya kitovu. Kuvuta kunaweza kukigeuza kizazi ndani nje, na hapo mmeongeza janga juu ya janga. Kondo likitoka, litieni kwenye mfuko mje nalo, tunahitaji kuliona.

Yasiyofaa nayo niyataje. Kukandwa na maji ya moto hakukati damu hii. Damu ikiwa inamwagika, kila dakika ya kuchemsha maji imetoka kwenye zile saa mbili. Dawa za miti za kuongeza uchungu ni hatari kubwa zaidi, kwa mwanamke wa mimba ya nne zinaweza kukifanya kizazi kijikaze mpaka kipasuke. Hili nalisema bila kumung'unya maneno kwa sababu nimewapokea wanawake hao. Vidonge vya misoprostoli navyo vikimezwa kabla mtoto hajatoka huleta balaa hilohilo, kwa hiyo msinunue dukani mkaweka ndani eti ya akiba. Kama mhudumu wake wa kliniki ataona ampe, atamwelekeza yeye.

Tuje kwenye mipango. Mkeo asijifungulie zahanati safari hii. Siwabezi wenzangu wa zahanati, walimfikisha hospitali akiwa hai, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini zahanati haina damu wala chumba cha upasuaji. Kwa historia yake ningemtaka Bombo, kwa sababu ni hospitali ya rufaa ya mkoa, au kama njia yenu ni rahisi zaidi kwenda Muheza au Pangani, basi hospitali ya huko, mradi mmeuliza kwanza: damu ipo, daktari wa kupasua yupo usiku? Kama mna ndugu Tanga mjini, Ngamiani, Makorora, popote, aende akakae kwake wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Mvua zikiwa kubwa, aende mapema zaidi. Pamoja na 115, muwe na namba za watu wawili wenye gari kijijini, hata kirikuu, mmeshakubaliana nao bei na kwamba usiku wataamka. Bodaboda iwe ni pale ambapo hakuna kingine kabisa.

Wingi wa damu yake upimwe sasa na upimwe tena karibu na wiki ya 36. Katika mimba tunataka gramu 11 au zaidi. Mwanamke mwenye gramu 12 anaweza kupoteza nusu lita akasimama; mwenye 7 akipoteza hiyohiyo anaweza asiamke. Ukanda wetu una malaria na minyoo, vyote vinanyonya damu kimyakimya, kwa hiyo alale kwenye chandarua, ameze SP, dawa ya kukinga malaria, kila mwezi kliniki anapopewa, na dawa ya minyoo. Vidonge vya madini ya chuma ameze kila siku, asivimeze na chai, maana chai huvizuia. Avimeze na chungwa, na machungwa ya Muheza hayana shida kupatikana. Vikimchafua tumbo, ameze usiku baada ya chakula. Kinyesi kitakuwa cheusi, asiogope akaacha. Kama wingi uko chini sana na wiki zimebaki chache, aulize kuhusu madini ya chuma ya dripu.

Nchi yetu imetoka mbali katika hili. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Waliobaki kwenye hiyo 104 ni wanawake ambao tunajua namna ya kuwaokoa, na kuvuja damu kunaongoza kuwaua.

La mwisho ni lako, mwanangu. Kabla hujaenda dago, kaa na mkeo, mama yako, bibi, na jirani mmoja mwenye sauti. Sema mbele yao wote kwamba damu ikionekana, hakuna wa kukutafuta kwenye simu kwanza. Wamwondoe, halafu wakutafute. Fedha ya dharura iache mkononi mwa mkeo, pamoja na kadi ya kliniki na ile karatasi ya hospitali, kwenye mfuko mmoja mlangoni. Kama unaweza, wiki za mwisho usiende dago kabisa, vua karibu. Na hata akijifungua salama, wasimwache peke yake saa 24 za kwanza. Damu ikirudi kwa wingi au ikaanza kunuka, au homa ikampanda wakati wowote ndani ya wiki sita, arudi hospitali bila kungoja arobaini.

Mpeleke kliniki wiki hii, uende naye mwenyewe. Mwombeni muuguzi aandike kwenye kadi, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: alivuja damu baada ya uzazi uliopita, aliongezewa chupa mbili. Kisha mniandikie wingi wa damu yake ni gramu ngapi na kondo limekaa wapi, niwaambie hatua inayofuata.